Ripoti ya kisima imejaa "strata": maana yake nini, na tulipe?

Katibu_wa_Bombo
Asalaam aleikum wakuu. Kamati ya msikiti wetu imechimbisha kisima kirefu, kampuni imeleta ripoti na ankara, zote za Kizungu, na kila baada ya mistari miwili unakutana na neno "strata". Mkataba una bei mbili: mita ya udongo laini, na mita ya mwamba mgumu ambayo ni karibu mara mbili. Ankara inadai "hard strata" zilianza mita 21. Jedwali la ripoti hiyohiyo linasema hivi:

0–2 udongo wa juu
2–12 moramu (udongo mwekundu wa changarawe)
12–33 "weathered stratum"
33–70 mwamba, maji yamepatikana mita 48

Wazee wamenikabidhi mimi eti ndiye msomi. Nisaidieni kabla ya Ijumaa.

Mwalimu Mstaafu
Waaleikum salaam katibu. Strata ni matabaka, basi. Moja ni stratum, zikiwa nyingi ni strata. Wingi huo ni wa Kilatini, kwa hiyo hauongezwi s. Anayeandika "stratas" au "a strata" amechemsha. Ni neno la maandishi rasmi: wanajiolojia hulitumia kwa miamba, wataalamu wa jamii kwa matabaka ya watu, na watu wa takwimu wanapogawa wananchi mafungu kabla ya kuchagua wa kuhojiwa. Keki au nguo ulizovaa moja juu ya nyingine usiziite strata, utachekwa. Kwenye barua andika "the third stratum" ukimaanisha hilo la 12 hadi 33.

BodaMstaarabu
Binamu yangu yuko Sydney, kila baada ya miezi mitatu analalamika analipia "strata". Nilidhani anachimba kisima 😂

Mwalimu Mstaafu
Huyo anaishi ghorofani. Australia wanaita hivyo umiliki wa nyumba za ghorofa, tangu sheria ya New South Wales ya 1961. Huku kwetu Uganda ni kondominiamu, sheria ya 2001. Turudi kwa katibu.

Fundi Keekee
Nimefanya kazi kwenye mitambo ya kuchimba. Sehemu kubwa ya Uganda imekaa juu ya mwamba wa kale sana, granaiti na ndugu zake. Sehemu ya juu ya mwamba huo imeozeshwa na maji na hewa kwa miaka isiyohesabika. Hiyo ndiyo "weathered": mwamba uliooza, unaweza kuuvunja kwa mkono. Mjiolojia mkali atakwambia hata strata si neno lake, kwamba strata hasa ni mchanga na tope lililojipanga kama kule Ziwa Albert kwenye mafuta. Wachimbaji hatujali, kila tabaka tunaliita hivyo.

Swali langu: kesingi, yale mabomba ya kushikilia kuta za shimo, waliweka ngapi?

Katibu_wa_Bombo
Nilikuwepo wakiteremsha. Mabomba 11, kila moja mita 3.

Fundi Keekee
Basi mezani pana ushahidi. Kesingi huzuia sehemu inayoweza kubomoka. Ukifika mwamba mzima unaikita humo, chini unaacha shimo wazi, maana jiwe linajishikilia lenyewe. Kama mgumu ulianza 21, waliteremsha bomba hadi 33 kwa ajili gani? Watakujibu kwamba mita 21 walibadili chombo, wakaweka nyundo ya kuvunjia mwamba. Sawa, lakini kubadili chombo hakuufanyi mwamba uwe mgumu. Soma mkataba: bei inafuata chombo au inafuata tabaka?

Katibu_wa_Bombo
Nimeusoma sasa hivi. Umeandika "according to strata encountered". Chombo hakikutajwa.

Mwalimu Mstaafu
Yaani kwa kufuata matabaka yaliyokutwa. Hapo umewabana, ssebo.

Hajat_Luweero
Msigombane nao kabla pampu haijafungwa jamani. Andikeni barua ya adabu, mwombe ankara irekebishwe kwa hizo mita 12, kutoka 21 hadi 33, walizozitoza bei ya mwamba mgumu. Mchimbaji anatakiwa kuwa na leseni ya serikali na kuwasilisha kumbukumbu za kisima huko, kwa hiyo jedwali hilo hawawezi kulikana kirahisi.

Fundi Keekee
Hajat kasema. Na zile sampuli za vumbi la mawe wanazozipanga chini kila mita, mlizihifadhi? Kama bado zipo hapo kiwanjani, zitieni kwenye mifuko leo, kila mfuko na namba ya mita, kabla mvua haijazisomba.