Vikusanyi vya muziki vinaleta wasomaji kwenye blogu, au wanaishia mlangoni?

Mleta Hoja

Wakuu, naufungua mjadala huu kwa sababu unawagusa wote wanaoandika kuhusu muziki na wote wanaousaka mtandaoni. Kikusanyi ni tovuti ambayo yenyewe haiandiki. Inatuma roboti kwenye blogu nyingi, inachota wimbo pamoja na mistari michache iliyoandikwa juu yake, kisha inavipanga kwenye ukurasa mmoja wenye kitufe cha kucheza. Inayojulikana zaidi ni Hype Machine, iliyoanzishwa na Anthony Volodkin mwaka 2005. Msikilizaji akiupenda wimbo anabofya alama ya moyo, mioyo ya siku chache zilizopita inahesabiwa, na chati inatoka.

Nasema mpangilio huu unakinufaisha kikusanyi kwanza na blogu mwishoni. Mtu anabofya, wimbo unapiga, unaofuata unaingia wenyewe. Mwandishi aliyekaa na wimbo huo siku mbili akitafuta namna ya kuueleza anabaki jina dogo pembeni ya kichwa. Pendekezo langu: blogu ziondoe mafaili ya sauti kwenye milisho yao (orodha za mabandiko mapya ambazo roboti huzisoma), ziache maneno na kiungo tu. Anayetaka kusikia, aje kwenye blogu.

Fundi Mitambo

Mkuu, tatizo nakubali lipo. Dawa ndiyo siikubali.

Roboti haisomi blogu kama anavyosoma mtu. Inafungua mlisho, uwe wa muundo wa RSS au Atom, inapitia kila bandiko ikitafuta kitu cha kucheza: kiungo kinachoishia na .mp3 ndani ya maandishi, faili lililotajwa kwenye kipengele cha enclosure (sehemu ya mlisho inayotaja faili lililoambatanishwa), au kichezaji kilichopachikwa kutoka tovuti za muziki kama SoundCloud au Bandcamp. Isipokuta hata kimoja, inapita. Ukiondoa sauti, kwa roboti umehama bila kuacha anwani, na huyo msikilizaji unayetaka aje kwako hatajua kwamba upo.

Nakuunga mkono kwenye gharama. Kitufe kikibofywa kule kwenye kikusanyi, faili linavutwa kutoka seva ya blogu, ikiwa ndiko lilikohifadhiwa. Wimbo wa dakika 4 kwa kilobiti 192 kwa sekunde ni karibu megabaiti 5.8. Upigwe mara 5,000, zimetoka gigabaiti 29. Kwa kilobiti 320 wimbo huohuo ni megabaiti 9.6, na jumla inafika gigabaiti 48. Kifurushi cha seva kikiwa na kikomo cha mwezi, blogu inazimika katikati ya wiki ileile inayotajwa kuliko wakati wowote.

Hapo wengi hukimbilia kuzuia kila ombi la sauti linalotoka tovuti nyingine. Matokeo yake kitufe kinabaki kule lakini hakichezi, na msikilizaji anahitimisha kwamba blogu imekufa. Afadhali kuweka nakala ya kilobiti 128, ambayo kwa dakika 4 ni megabaiti 3.8, na kuelekeza wanaotaka ubora kamili mahali msanii anapouza. Kwa kuonja, 128 inatosha. Ukitaka kuihukumu sauti ya matoazi, haitoshi, na mwandishi aseme hivyo waziwazi.

Kalamu

Mnajadili mafaili, maneno mmeyaacha pembeni, na maneno ndiyo yanayomfanya mtu avuke kutoka kikusanyi hadi blogu.

Kikusanyi huchukua mwanzo wa bandiko na kuukata. Msomaji anaona mstari mmoja au miwili, pengine maneno thelathini, arobaini. Tazameni ufunguzi huu:

"Habari za wiki hii wapenzi wasomaji, samahani kwa ukimya, mambo yalikuwa mengi. Leo nawaletea kitu kipya kabisa ambacho nina hakika mtakipenda kama nilivyokipenda mimi."

Yote hayo yameliwa na makato, na wimbo wenyewe haujatajwa. Sasa huu:

"Besi haiingii mpaka sekunde ya 48. Kabla ya hapo wimbo wote umebebwa na makofi na sauti moja ya kike, na huyo mwimbaji anachelewesha kila neno nusu ya pigo hadi unaanza kulisubiri."

Aliyeusoma wa pili ana sababu ya kubofya kitufe, na sekunde ya 48 ikifika ana sababu ya kurudi kusoma kilichobaki. Salamu na taarifa za blogu ziende chini. Halafu kuna kosa dogo linaloharibu kazi kubwa: kiungo cha wimbo kinaandikwa "sikiliza hapa". Roboti hutafuta jina la msanii na jina la wimbo kwenye maneno ya kiungo au kwenye lebo za ID3, yaani taarifa za wimbo zilizoandikwa ndani ya faili. Maneno yakiwa "sikiliza hapa" na lebo zikiwa tupu, wimbo unaingia bila jina au kwa jina la faili, mfano "track03_final2", na hakuna atakayeutafuta kwa jina hilo. Andika msanii, kistari, wimbo, vivyo hivyo kwenye kiungo na kwenye lebo.

Kwa hiyo Mleta Hoja, mimi lawama nazigawa. Kikusanyi kimetoa dirisha la maneno arobaini na waandishi wengi wamelijaza salamu.

Mpiga Besi

Naingia upande wa wasanii, maana mnatuzungumzia kama mzigo unaosafirishwa.

Kinachoniuma mimi ni chati. Ikipanga nyimbo kwa mioyo ya siku chache, inaupa nguvu wimbo unaotajwa na blogu nyingi kwa wakati mmoja. Blogu nyingi hutaja wimbo mmoja siku moja kwa sababu mtu wa matangazo amewatumia wote barua pepe ileile asubuhi ileile, yenye faili lilelile na maelezo yaleyale. Wimbo unapanda, walioko juu ya chati wanasikika zaidi kwa kuwa wako juu, na kesho yake blogu nyingine zinautaja ili zisikose wageni wanaoutafuta. Aliyerekodi bila mtu wa matangazo anaandikwa na blogu moja, Jumanne, anapata mioyo kumi na miwili, na kufikia Ijumaa bandiko limeshashuka kurasa za mbali.

Tangu mwaka 2015 kuna SubmitHub ya Jason Grishkoff, naye ni mwanablogu aliyekuwa akiendesha Indie Shuffle, ambapo msanii anaweza kununua pointi na kuhakikishiwa jibu la mwandishi ndani ya muda maalumu. Ninaheshimu kwamba jibu linapatikana, kwa sababu kabla ya hapo barua zilikuwa zinazama tu. Lakini mwandishi mwenye nyimbo mia za kujibu anasikiliza sekunde chache za kila moja. Wimbo wa Kalamu, ule ambao besi inaingia sekunde ya 48, ungekataliwa kabla besi haijaingia. Wasanii wameshalijua hilo na wanasogeza kiitikio mbele. Jamani, hapo uunganishaji huu umeanza kubadilisha nyimbo zenyewe, na hilo ni zito kuliko gigabaiti.

Mleta Hoja

Mpiga Besi, hoja ya chati naichukua, inatia nguvu ya kwangu. Fundi, kuhusu anwani umenibana, nakubali. Lakini tuangalie kinachotokea daraja linapovunjika.

Februari 2010 Google iliondoa blogu kadhaa za muziki zilizokuwa kwenye Blogger, huduma yake ya blogu, kufuatia malalamiko ya hakimiliki yaliyotumwa chini ya sheria ya Marekani ya DMCA ya mwaka 1998. Maandishi ya miaka yalifutika kwa siku moja, na baadhi ya wenye blogu walieleza kwamba nyimbo walizoweka walipewa na lebo zenyewe, yaani kampuni za muziki, kwa ajili ya kutangaza. Tarehe 1 Julai 2013 Google Reader, kisomaji cha milisho cha Google, ikafungwa, na maelfu ya watu waliokuwa wakifuata blogu kupitia mlango huo hawakuhamia kwingine, wakaacha tu. Mwaka 2019 MySpace ikakiri kupoteza muziki uliopakiwa kabla ya 2015, na mabandiko yaliyopachika nyimbo zile yakabaki na visanduku vitupu.

Blogu iliyolelewa na kikusanyi kimoja ina idadi ya wasikilizaji, haina orodha ya wasomaji. Daraja likienda, haina pa kuwatafuta. Ndiyo maana nasisitiza watu waje kwenye blogu yenyewe, waache barua pepe au wafuate mlisho moja kwa moja. Na mwenye blogu asafirishe nakala ya maandishi yake yote nje ya seva kila wiki, ahifadhi na barua ya lebo iliyomruhusu, yenye tarehe. Bila barua hiyo, kupinga madai ya hakimiliki ni neno lake dhidi ya lao.

Kalamu

Kwenye nakala na barua ya ruhusa nakuunga mkono kwa asilimia mia.

Fundi Mitambo

Kabla hatujaendelea kusema kikusanyi kinaleta watu au hakileti, tupime. Naona watu wanatoa hukumu kwa kuangalia namba isiyo sahihi.

Takwimu za kawaida za blogu zinahesabu kurasa zilizofunguliwa, na wimbo uliopigwa kule kwenye kikusanyi haufungui ukurasa. Fungua kumbukumbu za seva, ambamo kila ombi huandikwa mstari wake. Chukua wiki moja, hesabu maombi yote ya mafaili ya .mp3, kisha hesabu kurasa zilizofunguliwa na watu waliotokea kwenye kikusanyi. Uwiano wa hizo namba mbili ndio jibu la swali la mjadala huu kwa blogu hiyo.

Tahadhari: kichezaji cha kivinjari hakivuti faili zima kwa pamoja, kinaomba vipande, na kila kipande kinaandikwa mstari wake kwa msimbo 206, yaani sehemu tu ya faili imetumwa. Usikilizaji mmoja unaweza kuwa mistari sita au ishirini. Anayehesabu mistari ataona "wasikilizaji" elfu kumi, atakuta wageni mia mbili kwenye kurasa, atakasirika bure. Unganisha mistari yenye anwani moja ya IP na faili moja ndani ya nusu saa, ihesabu kama usikilizaji mmoja. Halafu ondoa roboti, kwa sababu kikusanyi chenyewe huja kukagua kama faili bado lipo.

Kuna blogu nyingine zinadhani zimesuswa kumbe mlisho wao ndio umeharibika. WordPress kwa kawaida hutoa mabandiko 10 ya mwisho kwenye mlisho. Ukichapisha 14 kati ya ziara moja ya roboti na nyingine, manne ya kwanza hayaonekani kabisa. Ongeza kikomo kiwe 20 au 30. Ukihamisha blogu na vitambulisho vya kudumu vya mabandiko vikabadilika, ya zamani yote yanaonekana mapya, na orodha ya wanaokufuata inafurika nyimbo za miaka mitatu iliyopita. Wengi watakuacha siku hiyohiyo. Na faili likiwa kwenye seva isiyo na HTTPS (muunganisho salama) huku kikusanyi kinatumia HTTPS, kivinjari hakilipigi. Ukilijaribu kwenye blogu yako yenyewe linacheza vizuri, ndiyo maana tatizo hili hukaa miezi bila kugunduliwa.

Sikio Huru

Msomaji naye ana mkono kwenye hili, na sijaona aliyemtaja. Chati ni ukurasa mmoja tu wa kikusanyi. Hype Machine inakuruhusu kuzifuata blogu unazochagua, na ukurasa wa hizo pekee unapangwa kwa wakati wa kuchapishwa, mioyo haina kauli pale. Anayelalamika kwamba nyimbo zote zinafanana huku anafungua chati kila siku amechagua mlango huo mwenyewe.

Chukua nyimbo tano ulizozipenda kweli mwezi huu, angalia ni blogu gani iliyozitaja kwanza kabla hazijapanda, na ufuate hizo. Tano hadi kumi na tano zinatosha. Zikizidi thelathini unarudi palepale pa kuburuza kidole bila kusoma. Kisha hamisha milisho yake kwenye kisomaji chako na utoe faili la OPML, lenye orodha ya milisho yako yote, ili kikusanyi kikizimwa kesho uwe na anwani zote mkononi. Hilo linajibu hofu ya Mleta Hoja kuhusu daraja, na ni kazi ya dakika chache.

Pendekezo la kuondoa sauti nalipinga. Kusoma juu ya wimbo usioweza kuusikia papo hapo ni kumwamini mwandishi bila kumpima. Sauti ikiwepo, baada ya nyimbo tatu unajua kama sikio lake linakufaa.

Mleta Hoja

Nabadili pendekezo, silifuti. Sauti ibaki kwenye mlisho, kilobiti 128, maneno ya maana yatangulie, na kila bandiko liwe na mlango wa kumfuata mwandishi moja kwa moja. Kwenye chati nasimama na Mpiga Besi: moyo wa mtu aliyefungua bandiko la blogu upewe uzito kuliko wa aliyebofya akipita, na wenye vikusanyi ndio wa kulifanya hilo. Fundi, swali moja. Lebo ikikutaka uondoe wimbo, na bandiko lina maandishi mazuri, unafanyaje ili kiungo kilichoko kule kisigeuke kaburi?

Fundi Mitambo

Usifute bandiko. Ondoa faili peke yake, na seva ijibu 410 kwa anwani ya faili, usiiache ijibu 404. 404 inasema halijapatikana, kwa hiyo roboti ina sababu ya kurudi kujaribu tena. 410 inasema limeondolewa na halirudi. Ukurasa wa bandiko uendelee kujibu 200, yaani upo, kama kawaida. Juu ya maandishi weka sentensi moja yenye tarehe ya kuondoa, na kiungo cha mahali msanii anapouza wimbo huo.

Mpiga Besi

Na jina la msanii lisiondoke pamoja na faili. Nimeona mabandiko yaliyosafishwa hadi hujui yalimhusu nani.