Nataka kuacha chuo mwaka wa pili, nianzie wapi nisije nikajiharibia mbele?

KoroshoGhafi (Tandahimba)
Wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Mi niko mwaka wa pili, chuo kiko nje ya mkoa sitakitaja. Nilirudi nyumbani likizo ya sem ya kwanza nikamkuta mzee kapigwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi, na mi ndo mtoto mkubwa, wadogo zangu wawili bado wako shule ya kata. Sasa chuo kimefunguliwa hii wiki ya tatu na mi niko shamba napalilia. Tuna heka sita za mikorosho na ikifika mwezi wa sita lazima tuanze kupulizia salfa, ukichelewa ubwiri unga unakula maua hapo msimu hamna tena, na dawa za mzee zinatoka hukohuko kwenye korosho.

Na ukweli mwingine ambao nyumbani sijasema, kozi yenyewe siipendi, chaguo la kwanza nilikosa nikatupiwa hii, na nina sapu moja ya takwimu, yaani mtihani wa kurudia. Mkopo wa bodi ninao ila haujatimia wote, ada inayobaki anamalizia mjomba na bado hajui lolote. Rumeti wangu ananiambia we kausha tu, usiposaini bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, na usipoingia kwenye pepa jina linajifuta lenyewe. Ni kweli? Kama kuna utaratibu unaanzia wapi?

mama_Junior_Masasi
Jina halijifuti mwanangu. Huyo rumeti wako yeye yuko darasani anasoma, ushauri anakupa wewe 😅

FundiUmemeLindi
Mdogo wangu mi ndo mfano hai. 2015 niliacha hivohivo kimyakimya, ada ilikuwa haijatimia nikaona aibu kumwambia mtu, nikabeba begi alfajiri nikapanda basi la Lindi, kitambulisho cha chuo nikakiacha kwenye droo ya hosteli. Nikaingia kwenye umeme nikawa fundi maisha yakasonga. 2022 nikapata hamu ya kusoma tena, usiku nimekaa na simu najaza maombi, naingiza namba ya form four, mfumo unaniambia huyu tayari ana chuo. Ana chuo wapi, miaka saba yuko juu ya nguzo anavuta waya!

Napiga simu kule naambiwa kwenye faili nimeandikwa abskondi, yaani mtoro, na nadaiwa ada ya sem mbili. Hiyo sem ya mwisho hata geti sikulikanyaga, ila jina lilikuwa bado kwenye orodha yao. Nikasafiri. Dirisha la kwanza likanituma la pili, la pili wako chakula mpaka saa nane, la tatu faili halionekani njoo kesho. Siku ya pili dada mmoja ndo akaniuliza kitu cha maana, "barua yako ya kuondoka ina tarehe ngapi?" Nikabaki namwangalia. Kumbe wao hawajui siku uliyopanda basi, wanajua siku barua ilipogongwa muhuri, basi. Nililipa ile hela yote ndo wakaniachia.

Na bodi nao wako palepale. Nilipopata kazi ya mkataba wakaanza kukata 15% ya mshahara, deni lao haliulizi kama ulivaa joho au hukuvaa.

Chikongola_Finest
Rudi chuo kijana acha uoga. Mikorosho utaikuta, haina miguu.

mama_Junior_Masasi
Chikongola we umewahi kumgeuza mgonjwa wa kiharusi usiku peke yako? Mwache mtoto aulize alichouliza.

MzeeWaMasjala (Mtwara)
Mjukuu pole kwa mzee. Nimekaa ofisi za chuo miaka mingi, mafaili ya watu kama fundi hapo juu nimeyapanga kabatini mpaka basi, acha nikueleze pole pole.

Kwanza, huenda we hutaki kuacha, unataka kuahirisha, na hivi ni vitu viwili. Ukiahirisha nafasi yako inabaki, sapu yako inakusubiri, mwakani unarudi palepale ulipoishia, vyuo vingi wanatoa mwaka mmoja na ukiomba kabla haujaisha wanaweza kukuongezea. Ukijitoa umetoka, ukitaka tena unaomba upya kama mtu mpya. Sababu ya mzee kuumwa ni ya kuahirisha. Sababu ya kozi kutoipenda ndo ya kujitoa au kuhama. Umezichanganya kwenye swali lako, usizichanganye kwenye barua, wakiisoma watakuuliza we unaomba nini hasa.

Barua inaandikwa kwa mkuu wa taaluma, inapitia kwa mkuu wa idara na mkuu wa kitivo, kila mmoja anaandika maoni yake. Weka namba ya usajili, kozi, mwaka, unaomba kuanzia lini mpaka lini. Ambatanisha ripoti ya daktari ya mzee na barua ya mtendaji wa kijiji kwamba we ndo unayemuuguza. Peleka kopi mbili masjala, moja wanabaki nayo, nyingine wanakugongea IMEPOKELEWA na tarehe. Hiyo kopi ndo mali yako, itunze kama stakabadhi ya AMCOS, chama chenu cha ushirika. Na fanya sasa hivi, kila chuo kina mwisho wake wa kupokea haya maombi, uko kwenye prospektasi, kile kitabu cha mwongozo wa chuo, mitihani ikikaribia wanakuwa wagumu.

Af usiishie hapo, pita dawati la mikopo hapohapo chuoni wakutolee taarifa bodi. Kutosaini bumu hakumaanishi umeahirisha, na siku ukirudi lazima bodi wajue umerudi la sivyo hela haitembei. Ingia SIPA, akaunti yako ya bodi mtandaoni, uone mpaka leo umeshapewa shilingi ngapi, pamoja na ile ada waliyolipa moja kwa moja chuoni ambayo we hujaishika mkononi lakini ni deni lako.

Ukiamua kujitoa kabisa inaongezeka fomu ya klirensi ya kuonyesha hudaiwi kitu, unaipitisha maktaba, hosteli, uhasibu, mshauri wa wanafunzi, unarudisha kitambulisho, halafu usiondoke bila kuomba matokeo ya sem ulizomaliza. Mwaka mmoja wa digrii ni kredi 120 na digrii ya miaka mitatu ni 360, hizo ulizofaulu umezitolea jasho, chuo kingine chenye kozi inayokaribiana kinaweza kuzipokea baadhi. Chuo Kikuu Huria wana kituo hapa Mtwara, mtu anasoma huku anapulizia salfa yake, hilo nalo lifikirie.

KoroshoGhafi (Tandahimba)
Shikamoo mzee, ahsante sana, nimesoma mara tatu. Sasa nauli ya kwenda na kurudi sina na mzee hawezi kubaki peke yake, naweza kutuma kwa imeili?

MzeeWaMasjala (Mtwara)
Marahaba. Tuma imeili leo, barua uwe umeisaini na kuiskani vizuri, siyo picha ya simu yenye kivuli cha kidole. Halafu ileile tuma kwa EMS posta, wanakupa risiti yenye namba ya kufuatilia. Mwambie mwenzako wa darasani, huyo huyo rumeti, akaulize masjala baada ya wiki. Na usikae ukidhani umekubaliwa mpaka upate jibu la maandishi.

FundiUmemeLindi
Af mjomba mwambie kabla hajasikia kwa watu. Huku kwetu mjomba akipitwa kwenye jambo la mpwa hiyo kesi haina hakimu.

KoroshoGhafi (Tandahimba)
Narudi na mrejesho. Ripoti nimeipata hospitali ya Ligula, mtendaji kaandika yake bila shida, barua nimeomba kuahirisha mwaka mmoja, hilo la kozi nimeliweka pembeni kwanza. Imeili imeenda juzi, EMS imeenda leo asubuhi, risiti nimeibana kwenye daftari la pembejeo.

Mjomba nimempigia jana usiku. Alinyamaza mpaka nikaangalia simu kama salio limekata. Af akauliza ile pampu ya baba yako bado inawaka? Nikamwambia inawaka ila inavuja. Kasema anakuja Jumamosi na mipira mipya.