Tupeane uzoefu: ukirudishwa jana, enzi za chuo, ungeenda kuokoa nini?

Mtoto wa Soweto
Wakuu, habari za jioni. Wikiendi hii nimemaliza katuni ya Kijapani ya mwaka 2022, vipindi 6 tu, inaitwa The Tatami Time Machine Blues. Wanafunzi wa chuo pale Kyoto wamepanga nyumba moja chakavu, Agosti inawachemsha, na kiyoyozi nyumba nzima ni kimoja. Rimoti yake ikamwagiwa soda, ikafa. Mara wanakuta mashine ya kusafiria wakati. Mnadhani walikwenda wapi? Kwa wafalme wa kale? Walikwenda jana, kuchukua rimoti kabla haijamwagiwa.

Nimecheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuja kuangalia. Maana ile nyumba nimeishi. Yangu ilikuwa Soweto, Moshi, geto la watu 4. Februari ya Moshi mnaijua: mlima unauona na theluji yake, ila ubaridi hauteremki. Tulikuwa na feni moja ya kuchangishana, kila godoro lina zamu ya dakika 15. Jamaa yetu mmoja akaona hiyo ndiyo ya kukaushia jinzi. Akaitundika mbichi, inachuruzika. Feni ikainama taratibu kama mlevi wa mbege, ikadumbukia kwenye sufuria ya maharage yaliyokuwa yanapoa sakafuni. Ikalia mara moja, umeme ukakatika nyumba nzima. Maharage tulikula. Feni nyingine hatukuipata mpaka tunahitimu.

Mimi ningerudi jana yake nikasogeze sufuria, basi. Na nyie?

Kapuku Mstaafu
Siku ya bumu, ile pesa ya mkopo wa chuo, nusu saa kabla sijafika soko la Kiboriloni. Nilirudi na raba pea 3 za mtumba. Mwezi mzima nimependeza miguuni, tumboni ndizi za kuchoma.

Binti Sakina
Mimi ni wa Arusha, na nilisafiri wakati bila mashine yoyote. Mwaka wa 2, tesiti saa mbili asubuhi. Usiku nikategesha kengele ya simu 1:00, nikijua nitaamka saa moja. Simu haijui Kiswahili. Ikalia saa saba usiku.

Nikaoga maji ya baridi, Julai ile ya Arusha, meno yanagongana. Nikatoka. Giza, lakini nikajiambia leo mawingu ya Meru yameshuka sana. Vifodi, daladala zetu, hakuna, nikasema labda wamegoma. Nikatembea na madesa yangu, yaani notisi za kusomea, kwapani mpaka geti la chuo. Mlinzi, mzee mtu mzima, kajifunga shuka la Kimasai juu ya koti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Unatoka jana au umewahi kesho?"

Ndipo nikaiangalia simu vizuri. Kurudi peke yangu naogopa. Akanipa kigoda na chai ya rangi, tangawizi ya kukwangua koo, nikamsomea madesa mpaka kunapambazuka. Alikuwa ananikatiza kuuliza maswali, tena ya maana kuliko ya mwalimu. Alfajiri usingizi ukanibeba palepale. Yeye ndiye aliyeniamsha, saa mbili kasoro tano. Nikapata B.

Nikirudishwa, kengele siigusi. Ningebeba robo ya sukari tu. Chai ile haikuwa na sukari na mimi nilinuna.

Fundi Saa
Samahani, mimi hesabu inanikataa. Mtoto wa Soweto, ukienda jana ukaichukua hiyo feni, jana itakuwa haina feni. Sasa kwenye maharage itaanguka ipi?

Mtoto wa Soweto
Ndiyo vurugu yote ya katuni hiyo mkuu! Wenzao wanazurura jana wakifanya upuuzi, wengine wanawakimbilia kuwazuia wasije wakaifuta dunia kwa ajili ya rimoti. Ila mimi nimesema nasogeza sufuria. Feni siigusi.

Fundi Saa
Usipokula maharage yenye feni hutakuwa na kisa, na uzi huu haupo. Sisemi zaidi.

Mzee wa Boma
Vijana, mimi ni wa mvua za El Niño, 1997 kwenda 1998. Basi la Moshi kwenda Arusha, nimekaa na binti wa chuo kingine. Hatujafika mbali nimeshajua anapenda mahindi ya kuchoma. Boma Ng'ombe nikashuka kumnunulia. Nikajifanya mjuzi, nachagua, hili bichi, hili limeungua. Basi likaondoka. Begi langu humo, binti humo. Simu za mkononi tungezitoa wapi! Jina nilikuwa nimepanga kumuuliza tukifika Usa River, kwa ustaarabu.

Begi nililikuta stendi ya Arusha kwa kondakta, limefungwa vizuri. Ndani mlikuwa na chungwa ambalo si langu.

Binti Sakina
Shikamoo mzee. Mahindi je?

Mzee wa Boma
Marahaba. Nilikula yote mawili, nimesimama kwenye mvua.

Kapuku Mstaafu
Mtoto wa Soweto, ngoja kwanza. Geto la watu 4, mwenye nyumba alikuwa anafuga kanga waliokuwa wanatuamsha? Jinzi ile ilikuwa yangu. Wakati wa kuhama niliitafuta sikuiona.

Mtoto wa Soweto
Ninayo. Bado ina maharage.