Uliyeambiwa "ni bawasiri tu": tupeane uzoefu wa kupima saratani ya utumbo mpana

Mwana wa Seremala
Habari za humu wakuu. Mada hii ina aibu yake, naomba tuvumiliane, maana aibu hiyohiyo ndiyo iliyonichukulia baba.

Mzee alikuwa seremala Morogoro. Alianza kuona damu chooni akiwa na miaka 58, hakumwambia mtu. Mama alijua kwa sababu ndiye anayefua. Jirani akamletea dawa ya unga ya kuchemsha, "bawasiri inakauka wiki moja". Na kweli damu ilikata, mzee akamsifu jirani mtaa mzima. Baadaye sana ndiyo tukaelezwa kwamba uvimbe wa utumbo hauvuji kila siku. Unavuja, unanyamaza, unavuja tena. Tulisherehekea ukimya.

Iliporudi akaenda zahanati, akapewa vidonge vya amiba. Safari nyingine dawa za taifodi. Kilo zinapungua, suruali anaifunga kwa kamba, sisi tunasema ni uzee. Zaidi ya mwaka ulipita bila mtu kuvaa glovu na kumpima kwa kidole. Aliyekuja kufanya hivyo ni daktari kijana, akaugusa uvimbe palepale. Kumbe umeshafika kwenye ini. Mzee alikuwa na 59.

Naomba mtuambie: nini kiliwapeleka kupima, kipimo kilikuwaje, mkakuta nini? Hata mliokuta bawasiri ya kweli andikeni.

Jirani wa Umoja Two
Pole sana ndugu yangu. Huku Nairobi wengi tulianza kuongea haya mambo wakati wa Ken Okoth, mbunge wa Kibra. Februari 2019 alijitokeza akasema ana saratani ya utumbo, imefika hatua ya nne. Julai 26 mwaka huohuo akafariki, miaka 41. Mimi nilikuwa na 39, na damu ambayo kwa miezi nilikuwa nikiisingizia pilipili ya nyama choma. Jumatatu nilikuwa kwa daktari.

Nikapitishiwa kamera, yaani kolonoskopi. Walikuta vinyama viwili vimeota kwenye ukuta wa utumbo, kimoja kama punje ya mahindi. Wakavikata hapohapo na kupeleka maabara. Havikuwa saratani, bado. Daktari alinieleza kwamba saratani nyingi za utumbo mpana huanza na kinyama kama hicho, na mara nyingi huchukua kama miaka 10 kugeuka. Ndiyo maana kipimo hiki hakingoji ugonjwa: kikikikuta kinyama, kinakiondoa. Nimeambiwa nirudi baada ya miaka mitano. Pilipili bado nakula.

Tiba Asilia Bora
Bawasiri sugu? Dawa ipo, siku 7 tu, bila kupasuliwa. Njoo inbox.

Mwana wa Seremala
Mkuu, soma kwanza mwanzo wa uzi.

Mwalimu wa Tanga
Mimi damu sikuiona hata tone, ndiyo maana naandika.

Nilikuwa na miaka 53. Nikipanda ngazi mbili za ofisi ya mkuu wa shule moyo unadunda kama nimekimbia. Wakapima, damu imeshuka hadi 6.8. Nikaongezewa, nikapewa vidonge vya madini ya chuma, nikaambiwa nile matembele na ninywe rozela. Nimekunywa rozela mpaka nimeichukia. Inapanda, miezi miwili inashuka tena. Siku moja mama daktari akaniuliza, "Dada, hedhi yako ilikoma lini?" Nikamwambia miaka mitatu iliyopita. Akaweka kalamu chini: "Basi hii damu inakwenda wapi?"

Swali hilo moja ndilo lililoniokoa. Akapima choo kikubwa kutafuta damu isiyoonekana kwa macho, ikawepo. Kamera ikakuta uvimbe upande wa kulia wa utumbo mpana. Upande ule choo bado ni chepesi, kinapita tu bila shida, hufungi wala huumwi, huku damu inavuja kidogokidogo. Kidole hakifiki huko. Nilikatwa kipande cha utumbo wakaunganisha, sikuwekewa mfuko wa kutolea choo tumboni. Matezi hayakuwa yameguswa na saratani. Huu ni mwaka wa nne, nasahihisha mitihani kama kawaida.

Kijana wa Kijiweni
Wakuu, mwanaume mzima niingiziwe mpira huko nyuma? Mimi mnisamehe.

Jirani wa Umoja Two
Unadungwa dawa ya usingizi, ukiamka unauliza wataanza saa ngapi. Shida ni siku ya kuamkia kipimo. Unakunywa lita kadhaa za dawa ya kusafisha tumbo, chumvi yenye ladha ya limau ya uongo. Huli, unakunywa vitu vyepesi tu, na usiguse kinywaji chekundu maana kwenye kamera kinafanana na damu. Kama mnatumia choo kimoja na wapangaji wenzako, waage mapema.

Mama Minnesota
Poleni na hongereni. Huku Marekani tangu 2021 ushauri ni kuanza kupima ukiwa na 45 badala ya 50, hata kama huumwi, kwa kuwa vijana wanaopata wameongezeka. Yule mwigizaji wa Black Panther, Chadwick Boseman, aligunduliwa 2016, akafariki 2020 na miaka 43. Mimi nililetewa kiboksi nyumbani, ukachukua sampuli ya choo mwenyewe unatuma kwa posta. Hicho ni cha kila mwaka, na kikionyesha damu lazima kamera ifuate.

Mwana wa Seremala, wewe usihesabu 45. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua huanza na 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu huyo aligundulika, inayotangulia. Mzee alikuwa 59, kwako ni 40. Kama ni ndugu aliyegundulika na 44, wengine wanaanza na 34.

Mwana wa Seremala
Nina 42. Kaka ana 48, na nilipompigia jana alinyamaza kwanza, kisha akasema naye anaona damu tangu Pasaka. Ameandikiwa kamera Alhamisi. Anauliza chai ya tangawizi inaruhusiwa?

Jirani wa Umoja Two
Inaruhusiwa, aichuje vizuri. Asitie maziwa.