Mustang ya 1967 inayodaiwa kuwa GT halisi: nikague nini kabla ya kulipa?

Mnunuzi wa Tudor

Assalam alaikum ndugu zangu. Nimeonyeshwa Ford Mustang ya mwaka 1967, ile ambayo paa lake linateremka moja kwa moja hadi nyuma, iliyowekwa bandani huko Nyali. Mwenyewe anasema ni GT, yaani iliyoagizwa na kifurushi cha kimichezo, yenye injini ya inchi za ujazo 390 na kwamba hakuna kilichobadilishwa tangu itoke kiwandani. Usukani uko kulia, namba za usajili ni za Kenya, na bei anayoitaja ni ya gari lisiloguswa, si ya gari lililofufuliwa. Nambari ya chesi kwenye logibuku inaanza na 7R02C. Injini imepakwa rangi ya samawati inayong'aa kama sahani mpya. Dalali aliisifu sana rangi hiyo, mimi ikanitia wasiwasi. Nianzie wapi?

Fundi wa Makupa

Waalaikum salaam. Nusu ya jibu umeiandika mwenyewe bila kujua. Saba ni modeli ya 1967, R ni kiwanda cha San Jose huko California, 02 ni bodi ya hilo paa la kuteremka, na C ni injini ya inchi 289 yenye kabureta ya matundu mawili. Injini ya 390 mwaka ule ilikuwa na herufi S. Kwa hiyo, ikiwa kweli 390 imo ndani, iliingizwa baadaye na mtu mwingine, na maneno ya "hakuna kilichobadilishwa" yameishia hapo.

Hata hivyo usiharakishe kumwita mwenyewe mwongo kuhusu GT. Mwaka 1967 mteja aliweza kuagiza GT kwa injini yoyote ya silinda nane, tofauti na 1965 na 1966 ambapo ilimlazimu kuchukua ya herufi A au K, zile 289 zenye nguvu zaidi. Tena GT haikuandikwa popote katika nambari ya chesi, na beji, milia na taa za ukungu zinauzwa mpya hadi leo, kwa hiyo usizitegemee kama ushahidi. Bahati yako ni kwamba kumbukumbu za uzalishaji za Ford kuanzia modeli za 1967 zimehifadhiwa na kampuni ya Marti Auto Works ya Marekani, ambayo hukuuzia ripoti ukiipa nambari nzima ya chesi. Ripoti itakwambia gari liliagizwa na injini gani, giaboksi gani, rangi gani, na kama lilikuwa GT. Lingekuwa la 1966, ungebaki kukisia.

Kabla ya ripoti, fungua boneti. Nambari ya chesi imegongwa juu ya bamba la ndani la madigadi ya kushoto, na madigadi yenyewe imekatwa pengo dogo ili isomeke. Futa grisi kwa kitambaa chenye petroli kidogo, kisha ulaze tochi ubavuni ili kila herufi itupe kivuli. Kina cha herufi kiwe kimoja, na pasiwe na mstari wa kuchomelea unaozunguka sehemu hiyo. Linganisha na logibuku herufi kwa herufi, na ufanye upekuzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, ondoka, bila kujali bei itashushwa kiasi gani. Kibati cha mlango wa kushoto kisome pia, lakini usikiamini peke yake, kwa sababu vipya hutengenezwa kwa oda.

Ukiambiwa kwamba nambari ya injini inalingana na ya chesi, uliza inalinganaje. Mwaka 1967 injini za kawaida za Mustang hazikugongwa nambari ya chesi; zilizogongwa ni za herufi K, na utaratibu wa kuzigonga zote ulikuja na modeli za 1968. Unachoweza kusoma ni maandishi ya kalibu kwenye bloku. Yakianza na C6 au C7, umri unakubalika. Yakianza na D, chuma hicho ni cha miaka ya 1970. Tafuta pia tarehe ya kumiminwa: 6M20, kwa mfano, ni tarehe 20 Desemba 1966. Lazima itangulie tarehe iliyo kwenye kibati cha mlango, kwani injini haiwezi kuzaliwa baada ya gari lake.

Baharia wa Kizingo

Nashangaa hakuna aliyegusa usukani. Ford haikutoa Mustang ya usukani wa kulia kiwandani hadi modeli ya 2015. Kwa hiyo hiyo yako ilikatwa na kugeuzwa mahali fulani, na swali la maana ni aliyeigeuza alifanyaje. Baadhi walihamisha boksi la usukani upande wa kulia; wengine waliliacha kushoto na kuunganisha kwa mnyororo nyuma ya dashibodi. Nilinunua moja ya mnyororo bila kuchungulia. Siku moja nikiteremka kuelekea kivuko cha Likoni, usukani ulizunguka karibu robo nzima ndipo magurudumu yakajibu. Lala chini ya dashibodi uangalie kwa macho yako.

Binti Changamwe

Nakubaliana na Baharia kuhusu mnyororo, ila gari lililogeuzwa vizuri si aibu katika barabara zetu. Lisiuzwe tu kwa bei ya lisiloguswa. Mimi ningehofia kutu zaidi. Mustang za miaka hiyo huoza kwenye matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele, mahali ambapo jicho halifiki, na upepo wetu wa chumvi hauna huruma. Mwaga maji polepole kwenye matundu hayo, kisha upapase zulia miguuni. Pitisha pia sumaku iliyofungwa kitambaa kwenye kingo za chini za milango na madigadi za nyuma; isiposhika, chini ya rangi kuna fila, ile pati ya kuzibia mashimo, si bati.

Mnunuzi wa Tudor

Nimerudi Nyali leo asubuhi. Nambari ya bamba inalingana na logibuku, nashukuru. Kwenye bloku, chini ya samawati ile, tulisoma herufi D. Boksi la usukani limehamishiwa kulia, na matundu ya zamani ya kushoto yamezibwa kwa bati safi. Zulia upande wa abiria lililowa kabla hata lita mbili hazijaisha. Mwenyewe alinyamaza, kisha akasema tuzungumze bei upya. Nimemwomba asubiri ripoti ya Marti.