Mndimu wa mama unageuka manjano, nisaidieni

Assalamu alaikum ndugu zangu. Niko Kisauni, nina mndimu aliopanda marehemu mama, na roho yaniuma kuuona ukififia. Majani machanga yamekuwa manjano lakini mishipa yake imebaki kijani. Yale ya zamani hayajageuka rangi, ila kingo zimekauka kama zilizoungua. Samadi ya mbuzi nimetia mara mbili, wapi!

Nadhani ni upungufu wa madini ya chuma, maana udongo wetu wa matumbawe una chokaa nyingi na mizizi hushindwa kuyafyonza. Lakini hizo kingo zanitia shaka na maji ya kisima, yana chumvi. Aliyekumbana na haya anielekeze: ninyunyizie mbolea ya chuma majanini, au nibadilishe maji kwanza?