Naenda Uingereza kumpokea mjukuu, nianze na Kiingereza kipi?

MamaUpendo_Majengo

Habari zenu. Niko Moshi, nauza mitumba soko la Memorial. Binti yangu yuko Reading, Uingereza, anajifungua mwezi wa pili, nami nakwenda kumhudumia mzazi na mtoto. Viza imetoka. Napanda ndege uwanja wa Kilimanjaro (KIA), nabadilisha ndege Doha, nashuka Heathrow, na mkwe atanipokea.

Kiingereza changu ni cha sokoni: bei, rangi, saizi. Nimenunua kitabu pale stendi, kinaanza kunifundisha kusema kalamu iko juu ya meza. Hayo yatanisaidia nini mtoto akipaliwa? Mkwe anashinda kazini, kwa hiyo mchana tutakuwa sisi wanawake wawili na kichanga, na binti huenda akapasuliwa. Mimi mwenyewe nina kisukari, nachoma insulini. Kikitokea kitu, nampigia nani na namwambia nini? Muda ni mfupi. Nipeni yale ya lazima.

Mgumu_wa_Marangu

Shikamoo mama, na hongera. Mimi naongoza wageni mlima Kilimanjaro. Nilianza kama mgumu, nabeba mizigo njia ya Marangu, Kiingereza sina hata cha kuombea maji. Kabla ya maneno yoyote nakuomba ushike hili: usiseme "yes" kwa swali ambalo hujalielewa.

Naliona kila msimu. Mgeni anamuuliza kijana mpya, "Is my medicine in your bag?" Kijana anaona aibu kuuliza tena, anatabasamu, "Yes." Wanafika kambi ya Kibo, mita 4,700 na ushee, mgeni kichwa kinamgonga, anatapika, na dawa imebaki kambi ya chini, Horombo, mwendo wa siku nzima kushuka na kupanda. Sisi tumelelewa kuitikia kwa heshima. Mtu akituuliza hali tunasema nzuri hata homa ikiwa imetushika. Daktari wa huko akikuuliza kama unaumwa nawe ukajibu kwa adabu kwamba hujambo, ataandika hivyohivyo ulivyosema, na atakuruhusu uende nyumbani. Kwa hiyo sentensi yako ya kwanza ni "I don't understand. Slowly, please", yaani sijaelewa, taratibu tafadhali. Iseme kila siku mpaka itoke yenyewe. Mahali panapouma weka mkono, sema "Pain here." Sarufi itakuja baadaye.

Kisha saa. Saa tatu yetu asubuhi kwao ni "nine". Ukiambiwa uchome insulini "eight", hiyo ni saa mbili yetu, si saa nane. Kwa mtu wa kisukari kosa hilo linaweza kumlaza. Anza leo kusoma tarakimu za simu yako kama wanavyozisoma wao. Waingereza wakikwambia "half six" wanamaanisha 6:30, yaani saa kumi na mbili na nusu.

Na herufi. A yao inasikika "ei", E inasikika "ii", I inasikika "ai". Ukitaja anwani kwa herufi zetu, gari la wagonjwa litatafuta nyumba nyingine. Kila anwani ya huko ina msimbo wa posta, na wa Reading unaanza na RG: "aa, jii". Mwombe binti akutumie wa kwake leo, uuimbe kama mtoto wa chekechea.

Wagumu wapya tunawafundisha jioni kambini: mmoja anakuwa mgeni mgonjwa, mwingine anamjibu, wengine wanasikiliza. Kusoma kimya hakufai. Mtafute mwanafunzi wa sekondari hapo Majengo akuulize, nawe ujibu kwa sauti bila karatasi.

Baba_J_UsaRiver

Kwani simu si inatafsiri yenyewe siku hizi?

Mgumu_wa_Marangu

Inatafsiri, kaka, na dukani inafaa sana. Lakini mtoto amepaliwa, umemlaza mkononi unampiga mgongoni, utaandika kwa kidole gani?

Nesi_Ngaramtoni

Shikamoo mama. Kwetu Ngaramtoni, ila kazi yangu ya unesi iko hukohuko unakokwenda. Namba ni 999. Ni bure, hata simu ikiwa haina salio. Anayepokea atauliza unataka huduma gani, jibu neno moja, "Ambulance." Utaunganishwa, na swali la mwanzo kwa kawaida ni "Is the patient breathing?" Wanauliza kama mgonjwa anapumua. Lizoeze sikio lako neno hilo "breathing", maana wanaongea haraka. Watataka anwani, kisha useme kilichotokea: "Baby choking" (mtoto amepaliwa). "Too much blood" (damu ni nyingi mno). "My sugar is very low" (sukari yangu imeshuka sana). Sentensi fupi wanazielewa vizuri kuliko ndefu iliyovunjika. Usikate simu mpaka wakuambie. Watakuelekeza la kufanya huku gari likiwa njiani.

Ukikwama sema "Swahili interpreter, please", wanaweza kukutafutia mkalimani kwenye simu. Kwa jambo la kuuliza tu, lisilo la kufa na kupona, piga 111, na huko pia unaweza kuomba mkalimani.

Daktari wako akuandikie barua kwa Kiingereza yenye ugonjwa wako, kipimo unachochoma, na jina halisi la kila dawa, si lile kubwa la kampuni kwenye boksi. Insulini ibaki kwenye mkoba wako wa mkononi. Kwenye mizigo ya chini ya ndege inaweza kuganda ikaharibika. Heathrow, uhamiaji watauliza unakuja kufanya nini, utakaa wapi, kwa muda gani. "Visiting my daughter, in Reading." Muda utaje uleule ulioandika kwenye maombi ya viza.

MamaUpendo_Majengo

Marahaba wanangu, Mungu awabariki. Binti wa jirani, yuko kidato cha tatu, tumeshaanza leo. Nampigia simu, yeye ndiye 999. Sasa niambieni la Doha. Uwanja nasikia ni mkubwa, na pale mkwe hayupo.

Mgumu_wa_Marangu

Mama, rudi kwa wakala aliyekukatia tiketi, mwambie akuombee msaada wa abiria. Hulipii. Mtu atakupokea mlangoni mwa ndege akupeleke mpaka ndege ya pili. Fanya hivyo wiki hii, mashirika mengi yanataka yaarifiwe angalau saa 48 kabla. Hata hivyo jifunze "Where is this gate?", na ukisema hivyo onyesha kwa kidole namba ya geti. Wanaweza kuibadilisha, kwa hiyo itazame tena kwenye skrini kabla hujakaa.

Nesi_Ngaramtoni

Na ule chakula kabla ya kushuka Doha, mama. Kutembea pale ni kwingi, sukari isije ikashuka. Biskuti ziwe mfukoni, siyo kwenye sanduku.